Nimelipia Floridi, Mimi Mtoto wa Hai

Ukiugua malaria hapa Moshi, watu wanakuletea machungwa. Ukivunjika mguu, wanakuja na mtori kwenye hotipoti na wanakaa hadi jioni wakikupa habari za mjini. Ukiumwa jino hakuna anayekuja na kitu mkononi. Wanakuja na ushauri, na ushauri wenyewe ni neno moja: ng'oa.

Nimeambiwa ng'oa na kijana wa bodaboda pale mzunguko wa YMCA, ambaye hata sikumweleza shida yangu. Aliona tu nimeshika shavu. Nimeambiwa ng'oa na mama muuza ndizi wa Soko la Mbuyuni huku akinirudishia chenji, na kwa kuwa maumivu yalikuwa yamenifumba macho, chenji nayo ikapungua. Katekista kasema ng'oa. Fundi cherehani kasema ng'oa. Shemeji aliyekuja kuazima panga kasema ng'oa, akaondoka nalo, na hadi leo panga sijaliona. Jirani yangu mzee, ambaye meno yake yaliyobaki hayawezi kugombana maana yanaishi mbalimbali, alinishika bega akaniambia kwa upole, "Meku, jino halina shukrani. Mimi yaliyonisumbua niliyang'oa yote, na sasa sina tatizo." Ni kweli hana tatizo. Kwenye ndafu anakatiwa ini, analimumunya kuanzia sala ya kufungua hadi sala ya kufunga, na mbavu anazifuata kwa macho.

Sijui ni kikao gani kilipitisha kwamba jino likitoboka limeshakufa. Tairi likitoboka tunaziba. Sufuria ikitoboka tunampelekea fundi, na ndoo ya plastiki tunaiunga kwa kisu cha moto, inaendelea kuteka maji hadi mtoto aliyeipasua anaoa. Jino peke yake ndilo halina msamaha. Nadhani tatizo ni hesabu, na hesabu watu wa huku tunazijua. Kung'oa ni bei ndogo, kunaisha siku hiyohiyo, na unatoka na mzigo wako umefungwa kwenye pamba, unaweza kuwaonyesha watu ulicholipia. Kuziba ni bei kubwa, na ukitoka huna cha kuonyesha mpaka umpanulie mtu mdomo, na hakuna aliyeomba kuuona.

Gego lenyewe ni la chini, upande wa kushoto, upande ambao nimetafunia maisha yangu yote. Lilianza kwa adabu. Ukinywa maji ya baridi linakohoa kidogo, basi. Baadaye likaanza kulalamikia chai ya moto. Baadaye likaanza kulalamikia chochote kilichopita, hata mate. Ilipofika Julai, ule mwezi ambao Kibo inajifungia ndani ya mawingu na upepo unateremka kutoka msituni na nia mbaya, nikawa siwezi kufungua mdomo barabarani. Kijana ananiamkia "shikamoo," namuitikia kwa nyusi. Kiborloni nzima sasa inaamini nimekuwa na maringo, tena maringo ya mtu anayepanda daladala, na hayo ndiyo maringo yasiyosameheka. Ndani ya daladala nako kila tuta nililijua kabla dereva hajaliona. Mchana jino liliuma; usiku lilihutubia.

Tiba za nyumbani zilipita zote. Bibi mzaa mama wa wanangu aliniwekea punje ya karafuu kwenye tundu, nikatulia kidogo, nikamsifu. Jirani mwingine akaleta ugoro. Mwingine akashauri tone la petroli, na huyo anauza petroli kwenye chupa za soda kando ya barabara, kwa hiyo nilielewa anakotokea. Duka la dawa wakanipa vidonge vya kutuliza, vikatuliza tumbo la muuzaji zaidi kuliko jino langu.

Kinachoniuma kuliko jino lenyewe ni kwamba kwa haki mimi sikupaswa kutoboka. Nimekulia tambarare za Hai, kule chini unakoelekea uwanja wa ndege wa KIA, na meno yangu yana ile rangi ya kahawia ambayo hakuna mswaki uliowahi kuitoa. Msomaji wa huku haelezwi. Wa mbali aelewe tu kwamba nikicheka Kariakoo, mwenye duka ananiuliza, "Wewe wa Arusha au wa Moshi?" na bei inapanda, kwa sababu anajua atabishaniwa. Ile rangi ni floridi. Miamba ya volkano ya Kilimanjaro na Meru inaiachia kwenye maji, pengine kidogo, pengine kwa wingi wa kutisha. Maziwa ya Momela, kule upande wa Meru, yana mamia ya miligramu kwa lita. Shirika la Afya Duniani linataka maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 kwa lita. Nchi yetu kwa miaka mingi ilivumilia hadi 8 kwa vijijini, maana ungeshika 1.5 kwa ukali, vijiji vingine vingebaki na ndoo tupu.

Na kama maji hayakukupata, jiko linakupata. Watafiti walishangaa kukuta watoto wenye meno ya kahawia hata mahali ambapo maji hayana floridi nyingi. Wakafuatilia hadi kwenye chungu, wakakuta magadi. Yale magadi mama zetu wanayotia kwenye maharage na kwenye kiburu ili viive haraka, yale yanayookotwa tambarare na kuuzwa sokoni kwa mafungu, yamebeba floridi yake. Meno huipokea utotoni, yakiwa bado yanajengwa ndani ya fizi. Ukifika miaka minane hivi hesabu imefungwa, na rangi uliyopata ni ya kuzikwa nayo. Wako waliopata zaidi ya rangi, wakapinda miguu, na hao siwatanii. Kule Ngurdoto, karibu na Usa River, serikali ina kituo kinachochuja floridi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, na mimi naunga mkono, ingawa mkaa huo umenikuta nimeshaiva.

Sasa sikia dhuluma. Mwaka 1901 daktari wa meno kijana, Frederick McKay, alifika mji wa Colorado Springs huko Marekani akakuta wenyeji wana meno ya kahawia. Alihangaika na jambo hilo miaka mingi, na katika kuhangaika akaona ajabu moja: meno yale yenye sura mbaya hayakuwa yakitoboka ovyo. Mwaka 1931 ikathibitika kwamba ni floridi ya kwenye maji. Mwaka 1945 mji wa Grand Rapids, jimbo la Michigan, ukawa wa kwanza duniani kutia floridi kwenye maji ya bomba kwa makusudi, kwa kipimo kidogo, ili watoto wasitoboke meno. Yaani wenzetu wanainunua, wanaipima, wanaitia kwenye bomba na kwenye dawa ya meno. Mimi nilipewa bure na mlima, tena bila kipimo. Nilikuwa nimejipa moyo miaka yote kwamba sura nimekosa lakini uimara ninao. Kumbe nimekosa vyote viwili.

Basi nikaenda kwa daktari wa meno mjini. Nilitegemea mzee mwenye mikono ya kazi. Nikakuta binti wa Rombo ambaye angeweza kuwa mwanangu. Akaniamkia vizuri, nikaitikia marahaba, akanilaza kwenye kiti, akawasha taa usoni kwangu, akaingiza kioo na vidole viwili kinywani. Ndipo mahojiano yakaanza.

"Baba, wewe ni wa wapi?"

"Aaa."

"Hai! Hai ya juu au ya chini?"

"Aaa-a."

"Ya chini. Basi ndiyo maana ya rangi hii. Ukoo gani?"

Mchaga mwenzangu unamjua: hawezi kumgusa mtu kabla hajajua anamgusa nani. Kwa miguno yangu tu alifika hadi kwa baba mkubwa wangu, akapita kwa shangazi aliyeolewa Mkuu, akagundua kwamba kwa upande wa ndoa mimi na yeye ni watu wa nyumba moja. Nilifurahi moyoni. Undugu huo, nikasema, utaonekana kwenye bili. Aliponitoa vidole nikamuuliza kwa sauti ya kindugu kabisa bei ya mwisho ni ngapi. "Bei ni ya kliniki, baba," akasema. "Mimi yangu ni pole." Pole nikaipokea.

Nikamuuliza imekuwaje jino lenye floridi ya urithi litoboke. Akanieleza kwamba floridi kidogo huliimarisha ganda la jino, lakini ikizidi ganda linakuwa na vinyweleo, linameguka, na mashimo yake yanakuwa makazi. Wapangaji ni bakteria. Wanakula sukari, wanatoa tindikali, na tindikali ndiyo inayomomonyoa. Ukinywa chai tamu ukamaliza, mate yanasafisha na baada ya nusu saa hivi jino linapata nafuu. Ukinywa kidogo kidogo kuanzia saa tatu hadi saa kumi, jino halipati nafasi ya kuvuta pumzi. Aliyasema hayo akinitazama machoni. Sijui nani alimpelekea habari za ofisini kwetu, ambako chai ya maziwa ndiyo kazi na mafaili ni ya kupumzikia.

Siku hiyo hakunimalizia. Alisafisha juu juu, akasema tundu ni refu na jino limekasirika, kwanza alitulize. Akakoroga dawa nyeupe, akaishindilia, na mara kinywa changu kizima kikanukia pilau. Nikaguna kuuliza. "Ni mafuta ya karafuu, baba. Yamechanganywa na unga wa zinki. Yanatuliza mshipa." Karafuu! Ile ile ya bibi, ambayo niliwekewa bure nikiwa nimekaa kwenye kigoda changu, bila taa ya kunipofusha. Nikaenda dirishani nikalipia karafuu, nikapewa na risiti yake. Nyumbani bibi aliponiuliza daktari amesema nini, nilimwambia amesema nile laini.

Siku ya kurudi ndiyo ilikuwa ya kuziba kwenyewe. Sindano ya ganzi nilichomwa nikiangalia dari, na hapo sina ugomvi: dawa hiyo iligunduliwa na Waswidi mwaka 1943, na ningewajua wahusika ningewapelekea mkungu wa ndizi. Tatizo la ganzi ni kwamba inakuhamisha. Nusu ya mdomo wangu ilikwenda sehemu nyingine, na mate, ambayo kwa umri huu nilidhani nimeshakubaliana nayo, yakaanza kujiamulia. Nesi alinipa karatasi ya kujifutia, nikawa nafuta shavu la upande mwingine.

Kisha mashine ikawaka. Hakuna Mtanzania asiyeijua sauti ile, hata ambaye hajawahi kukaa kwenye kile kiti, maana hadithi zake zinasimuliwa misibani. Ikaingia ikilia, maji yakirukaruka, nami nikawa nimeshika mikono ya kiti na kumkumbuka kila mtakatifu wa parokia. Ilipofika katikati, pale hasa ambapo jino limefunguliwa na haliwezi tena kufungwa kwa maneno, umeme ukakatika.

Taa ikazima. Mashine ikanyamaza. Bomba la kufyonza mate likakata roho mdomoni mwangu. Kiti nacho ni cha umeme, kwa hiyo kikabaki kama kilivyo, kichwa changu chini na miguu yangu juu ikielekea Mawenzi. Nje nikasikia mtu akiulizwa habari za jenereta, na mtu huyo akijibu habari za dizeli. Jibu lilikuwa refu, na jibu refu kuhusu dizeli wote tunajua maana yake.

Nikajua nimekwisha. Nikaona kesho yake, shemeji akija kurudisha panga ili tu apate nafasi ya kusema "si nilikwambia?"

Daktari hakushtuka hata kidogo. Alimwambia nesi awashe tochi ya simu, akafungua kasha, akatoa vyuma viwili vitatu vyembamba, kimojawapo kina ncha ya kijiko kidogo kiasi kwamba hakiwezi kubeba hata punje ya ulezi. "Tutamaliza kwa mkono, baba." Nikatikisa kichwa kwa nguvu zote ambazo kiti kiliniruhusu. Akacheka. "Usiogope, hii ni yetu. Ilianzia hapahapa."

Na ni kweli, maana baadaye nilikwenda kusoma ili nimkamate uongo, nikamkosa. Katikati ya miaka ya 1980, katika shule ya udaktari wa meno ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pale Muhimbili, Mholanzi mmoja, Jo Frencken, na wenzake walianza kusafisha meno yaliyotoboka kwa vyuma vya mkono tu na kuyaziba kwa saruji ya meno, kwa ajili ya vijijini ambako umeme haujafika na mashine haina pa kuchomekwa. Njia ile ikapelekwa Thailand ikajaribiwa, ikakubalika, na mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani likaitangazia dunia. Leo inatumika nchi nyingi. Maana yake Tanzania tulishawafundisha walimwengu kuziba jino bila umeme, na ninavyoujua umeme wetu, sidhani kama ilikuwa bahati.

Kwa mwanga wa simu yule binti alikwangua. Hakukuwa na mlio wa kutisha, ila krr, krr, taratibu, na mimi nilikuwa nausikia ndani ya fuvu. Kila baada ya muda alipangusa kijiko kwenye kitambaa cheupe, na vipande vilivyotoka vilikuwa laini, vya rangi ya kahawia, vimelowa. Jino langu mwenyewe likiondoka kwa awamu. Alikwangua hadi kijiko kilipogota pagumu na sauti ikabadilika. Akapangusa kwa pamba mbichi, akakausha kwa pamba kavu. Nesi akamimina unga kidogo kwenye karatasi, akadondoshea tone la kimiminika, akakoroga haraka haraka kwa kijichuma bapa. Mimi nimejenga nyumba, saruji naijua, na nikiwa kichwa chini nilijaribu kuona kama uwiano ni sawa. Daktari akaishindilia tunduni, akapaka mafuta ya mgando kwenye kidole cha glovu, akakandamiza kwa kidole hicho, akahesabu kimoyomoyo. Basi. Akaniwekea karatasi ya bluu, "ng'ata, baba," nikang'ata, akakwangua palipozidi, "ng'ata tena," nikang'ata kwa hasira zaidi. Usile chochote kwa saa moja, akasema.

Umeme ukarudi nikiwa nimeshashuka kwenye kiti kwa kusaidiwa na mlinzi.

Nikamuuliza, kwa ule mdomo uliohama, kwa nini hakunitilia ile ya rangi ya fedha waliyokuwa wakiziba zamani, ambayo mjomba wangu aliishi nayo hadi anazikwa. Akaniambia karibu nusu ya ile ni zebaki, ile ile ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, na dunia imekubaliana kuipunguza. Hii niliyotiwa ni bora zaidi kwangu, akasema, na sura yake ikachangamka, ya mtu anayetoa zawadi. "Tena ina faida moja kubwa, baba. Inatoa floridi kidogo kidogo. Italilinda jino."

Nilinyamaza. Nilidhani ganzi imepanda masikioni. Nikamwomba arudie, akarudia: floridi. Ile ile. Iliyonipaka rangi nikiwa mtoto, iliyonipandishia bei Kariakoo, iliyoshindwa kulilinda jino hili hili kwa miaka yote, sasa imerudishwa mdomoni mwangu ndani ya saruji, kwa kipimo, na kwa malipo. Karafuu nimelipia. Kijiko cha mkono nimelipia kwa bei ya mashine. Sasa na floridi!

Nikaenda dirishani na hoja zangu zimepangwa. Nikamweleza karani, binti mpole mwenye kalamu sikioni, kwamba mimi ni wa Hai ya chini, kwamba floridi ninayo ya kutosha na hata ya kuwagawia, kwamba mtu haendi kuuziwa ndizi Marangu, na kwamba kwa kuwa umeme haukutumika ni haki bili ipunguzwe japo kidogo. Maneno yenyewe yalitoka nusu, mengine yalidondokea kwenye kaunta, lakini nadhani alielewa, maana alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Kisha akavuta daftari, akatoa kalamu sikioni.

"Pole baba. Ila ya bei rahisi ni kung'oa. Nikuandikie?"

Nikalipa yote upesi, kabla wino haujagusa karatasi.